Maswali ya Wasomaji: Mapovu Waliyakumbuka, Sababu Wameisahau

Barua za safari hii zimetoka kwa walimu, isipokuwa moja iliyotoka kwa mzazi, na zote zinahusu kufundisha sayansi ya viumbe hai kwa njia ya majaribio kwa wanafunzi wa umri wa miaka 11 hadi 14. Nimezifupisha, na majina ya walioziandika nimeyaacha.

SWALI: Nilifanya na wanafunzi wangu jaribio la kiazi na hidrojeni peroksaidi. Kwanza niliwaeleza maana ya kimeng'enya, nikaandika hatua zote ubaoni, nao wakazifuata vizuri na kushangilia mapovu yalipopanda. Wiki mbili baadaye niliwauliza walichojifunza, na karibu wote wakajibu: "Mapovu." Nimekosea wapi?

JIBU: Mwalimu mwenzangu, jaribio lenyewe halina kasoro, kasoro iko katika kilichotangulia. Mwanafunzi aliyekwisha kuambiwa kwamba kiazi kina kimeng'enya, kwamba kimeng'enya hicho huvunja hidrojeni peroksaidi, na kwamba mapovu yanayopanda ni oksijeni, huingia maabara akiwa hana swali lolote. Linalobaki kwake ni kutii maagizo na kufurahia mapovu, na hilo ndilo alilofanya. Tusimlaumu kwa kukumbuka kitu pekee ambacho tulimwachia akione mwenyewe.

Ningekushauri uugeuze mpangilio. Anza na neli ya majaribio, kipande cha kiazi kibichi na mililita chache za hidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, bila maelezo yoyote. Wanafunzi wakishaona mapovu, waulize: hewa hii inatoka ndani ya kiazi, au inatoka katika kimiminika? Darasa litagawanyika. Kwa niliyoyaona mimi, wengi husema inatoka ndani ya kiazi, kana kwamba kiazi ni sifongo lililojaa hewa. Usiwasahihishe. Kila mmoja aandike jibu lake na sababu yake, na aandike kwa wino, kwa maana penseli hufutika, na mtoto wa miaka 12 huwa na haraka ya kuufuta utabiri wake mara tu anapoona wenzake wameelemea upande mwingine.

Kisha jambo lenyewe liamuliwe na neli. Subirini mpaka mapovu yaishe kabisa. Kimiminika kilichotumika kimiminwe katika neli ya pili yenye kipande kipya cha kiazi, na mtaona kwamba karibu hakuna kinachotokea. Kile kipande cha zamani nacho kitiwe katika hidrojeni peroksaidi mpya, na mapovu yataanza tena kama mwanzo. Kiazi kilichodhaniwa kuwa kimemaliza hewa yake bado kinafanya kazi. Kilichokwisha ni kimiminika. Hapo mwanafunzi amelifikia jambo gumu kuliko yote katika mada hii, yaani kwamba kimeng'enya huharakisha mabadiliko ya kikemikali bila chenyewe kutumika, na amelifikia kabla hajalisikia neno kimeng'enya. Sasa mpe neno hilo, kwa sababu tayari anakifahamu kitu kinachoitwa hivyo.

Baada ya hapo maswali hujileta yenyewe. Je, kiazi kilichochemshwa kitatoa mapovu? Hakitatoa, kwa kuwa joto huharibu umbo la kimeng'enya, na wanafunzi waliozoea kufikiri kwamba joto huharakisha kila kitu hushangaa sana. Je, kiazi kilichopondwa kitafanya kazi kwa kasi kuliko kipande kizima? Je, gesi hii ni gani hasa? Washa kijiti, kizime kikiwa bado na kaa jekundu, kisha ukiingize katika mdomo wa neli: kaa likiwaka upya, gesi ni oksijeni. Mwanafunzi makini atauliza pia kwa nini kiazi kiwe na kitu cha kuvunja dawa inayouzwa kwenye chupa. Jibu ni kwamba seli hai huzalisha hidrojeni peroksaidi zenyewe katika shughuli zake za kawaida, nayo ni sumu kwake, kwa hiyo kimeng'enya kiitwacho katalasi ni kinga yake. Usijaribu kuyafuata maswali haya yote. Chagua mawili, mengine yaache yaning'inie.

Nakiri kwamba njia hii huchukua vipindi viwili mahali ambapo njia ya kawaida ingechukua kimoja. Mimi ningepunguza idadi ya majaribio katika muhula kuliko kuyafanya yote kwa mtindo wa kuthibitisha kilichokwisha kusemwa.

SWALI: Darasa langu lina wanafunzi 48 na hadubini ni moja. Kila nikijaribu somo la seli, mmoja anatazama na 47 wanapiga kelele. Je, niliache somo hili katika picha za kitabu?

JIBU: Usiliache. Hadubini moja inatosha ikiwa haitakuwa kitu pekee kinachoendelea chumbani. Gawa darasa katika vituo vya kazi, na hadubini iwe kituo kimoja kati ya vituo sita au saba, kundi moja likiingia baada ya jingine kwa dakika chache. Siri ya mpango huu ni kwamba kazi za vituo vingine ziwe za kuandaa au kukamilisha kazi ya hadubini, wala zisiwe za kuwashughulisha watoto tu.

Katika kituo kimoja wanafunzi wapake rangi ya kucha isiyo na rangi upande wa chini wa jani, waiache ikauke, kisha waibandue kwa utepe wa plastiki wenye gundi na kuubandika juu ya slaidi. Wanachokipata ni chapa ya ngozi ya jani, na chini ya hadubini huonekana matundu madogo yenye umbo la midomo, yaani stomata, ambayo jani hupitishia gesi na mvuke. Kundi jingine lifanye vivyo hivyo kwa upande wa juu wa jani lile lile. Katika mimea mingi ya nchi kavu matundu ni mengi zaidi upande wa chini, na swali la kwa nini iwe hivyo linaweza kujadiliwa na kundi linalosubiri zamu. Chapa hizi hazikauki wala kuoza, kwa hiyo zinaweza kuhifadhiwa na kutazamwa siku nyingine.

Katika kituo kingine watayarishe ngozi nyembamba ya ndani ya kitunguu juu ya slaidi kwa tone la iodini. Wafundishe kukishusha kioo kidogo cha kufunikia kikiwa kimeinama, upande mmoja ukigusa maji kwanza, la sivyo watanasa viputo vya hewa. Kiputo cha hewa, chenye mzingo mweusi na mviringo kamili, kimechorwa na kuitwa seli katika madaftari mengi kuliko seli yenyewe. Mimi mwenyewe nilipokuwa mwanafunzi nilikichora, nikakipaka rangi na kukiandikia majina ya sehemu zake zote.

Hilo linanifikisha kwenye uchoraji. Sharti langu ni moja: mwanafunzi achore alichokiona. Akikosa kuona kiini, asichore kiini. Robert Hooke, aliyeipa seli jina hilo mwaka 1665 baada ya kutazama kipande cha koki, yaani gome jepesi la kuzibia chupa, hakuona kiini chochote, kwa sababu koki ni kuta tupu za seli zilizokufa. Kiini kilikuja kupewa jina na Robert Brown mwaka 1831. Mwanafunzi aliyechora kuta tupu kwa sababu iodini haikumwagika vizuri amechora kwa uaminifu, na swali la kumuuliza ni afanye nini ili aone zaidi.

Wakati wenu ukiruhusu, fanyeni kipimo. Wekeni rula ya plastiki inayoonyesha chini ya lenzi ndogo kuliko zote na mhesabu ni milimita ngapi zinazoonekana kutoka ukingo hadi ukingo. Tuseme ni 4. Ondoeni rula, wekeni kitunguu, mhesabu seli zilizopangana kwa urefu kutoka ukingo hadi ukingo. Zikiwa 16, basi kila seli ina urefu wa takribani robo ya milimita. Nimeona watoto waliokwisha kuchoka na maneno "seli ni ndogo sana" wakikaa kimya kabisa walipopata namba hiyo kwa mikono yao.

SWALI: Wanafunzi wangu wanaweza kuandika bila kosa mlinganyo wa usanisinuru, yaani namna mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga, lakini nikiwauliza uzito wa mti umetoka wapi, wanajibu kuwa umetoka kwenye udongo. Je, kuna jaribio la kuwaondoa hapo?

JIBU: Lipo, nalo ni la zamani. Jan Baptist van Helmont alikuwa na shaka hiyo hiyo katika karne ya 17. Alikausha paundi 200 za udongo, akazitia katika chombo, akapanda mche wa mti wenye uzito wa paundi 5 na kuumwagilia maji kwa miaka 5. Mti ulipopimwa ulikuwa umeongezeka uzito wa takribani paundi 164, yaani zaidi ya kilo 70, ilhali udongo uliokaushwa tena ulikuwa umepungua aunsi 2 tu. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1648, baada ya kifo chake.

Wape wanafunzi hadithi hii mpaka kwenye hizo aunsi 2, kisha simama. Waache wahitimishe wenyewe. Wengi watasema basi mti umetengenezwa kwa maji, na hivyo ndivyo alivyosema van Helmont mwenyewe. Hapo ndipo pazuri, kwa kuwa mtu huyo huyo ndiye aliyelibuni neno gesi, na alikuwa amechunguza gesi inayotoka kwenye makaa yanayoungua, ambayo leo tunaiita kabonidioksaidi. Kitu alichokikosa alikuwa amekwisha kukishika mkononi. Mwanafunzi akisikia kwamba kosa lake limewahi kufanywa na mtu mwenye akili nyingi, huacha kulionea aibu na huanza kulichunguza.

Miaka 5 ninyi hamna, kwa hiyo nendeni kwenye jani. Mmea uliokaa gizani kwa siku 2 hutumia au kuhamisha wanga uliokuwa katika majani yake. Funika sehemu ya jani moja kwa karatasi nyeusi, uache mmea kwenye mwanga kwa saa kadhaa, kisha ulichume jani, ulichovye katika maji yanayochemka kwa dakika moja, uondoe rangi yake ya kijani kwa spiriti ya moto, ulisuuze na kulidondoshea iodini. Sehemu iliyopata mwanga hugeuka kuwa nyeusi yenye ubuluu, na iliyofunikwa hubaki na rangi ya hudhurungi ya iodini. Spiriti isiwekwe kamwe juu ya moto: chemsha maji, zima moto, ndipo uweke neli ya spiriti ndani ya maji hayo. Spiriti ya ethanoli huchemka kwenye nyuzi 78 za selsiasi na mvuke wake hushika moto upesi, kwa hiyo hatua hii ningeifanya mwenyewe mbele ya darasa.

Lakini tahadhari nyingine si ya moto, ni ya hoja. Jaribio hili linaonyesha kwamba mwanga unahitajika ili wanga upatikane. Halionyeshi kwamba kaboni ya wanga huo imetoka hewani. Ukitaka kulifikia hilo, weka mmea mwingine ndani ya mfuko unaoonyesha uliofungwa pamoja na kemikali inayofyonza kabonidioksaidi, uulinganishe na mmea uliofungwa vivyo hivyo bila kemikali hiyo. Walimu wengi huliruka jambo hili, kisha hushangaa kwamba udongo umerudi katika majibu ya mtihani.

SWALI: Mimi ni mzazi. Mwanangu aliandika katika ripoti yake kwamba mbegu za maharagwe zilizowekwa gizani ziliota sawa na zile za kwenye mwanga, na kwamba miche ya gizani ilikuwa mirefu zaidi. Mwalimu alimpa sifuri na kuandika: "Mimea huhitaji mwanga." Mtoto ananiuliza kama aliyoyaona ni uongo.

JIBU: Mpendwa mzazi, mwambie kwamba aliyoyaona ni kweli. Mbegu ya haragwe ina akiba yake ya chakula ndani ya vipande vyake viwili vinene, na ili iote inahitaji maji, hewa na joto la kutosha, mwanga haihitaji. Mche uliootea gizani hurefuka haraka, huwa mwembamba na wa rangi ya manjano iliyopauka, kwa sababu unatumia akiba yake kuutafuta mwanga kabla akiba hiyo haijaisha. Maneno ya mwalimu nayo ni kweli kuhusu mmea uliokwisha kumaliza akiba. Kosa liko katika kujibu swali la kuota kwa mbegu kwa kutumia kanuni ya usanisinuru, na katika kumhukumu mtoto kwa kile kilichotarajiwa badala ya kile kilichotokea.

Nakushauri umwone mwalimu kwa upole, ukiwa na daftari na miche yenyewe, na umwombe mtoto aruhusiwe kuliendeleza jaribio. Aikaushe miche kadhaa ya kila upande mpaka isipungue uzito tena, kisha aipime. Miche ya gizani, pamoja na urefu wake wote, kwa kawaida huwa na uzito mkavu mdogo kuliko wa mbegu kavu ambamo ilichipuka, kwa sababu imekuwa ikiunguza akiba bila kuongeza chochote. Hapo mtoto na mwalimu wataona kwamba walikuwa wakisema mambo mawili tofauti. Mbegu zisipungue 10 kila upande, maana mbegu moja moja zina tabia zao.

SWALI: Mkuu wa shule amepiga marufuku majaribio yote ya vijidudu baada ya wanafunzi kuotesha bakteria kutoka mikononi mwao na kuvifungua visahani. Je, tumtii au tumbembeleze?

JIBU: Mtiini, alikuwa na haki. Bakteria waliotolewa kwenye ngozi, puani au mdomoni na kuoteshwa katika joto la mwili wanaweza kuwa wale wale wanaotuumiza, na kisahani kilichokwisha kuoteshwa hakifunguliwi na mwanafunzi kwa sababu yoyote. Kwa umri huu hamira inatosha na ni salama: itieni katika maji yenye sukari ndani ya chupa, mdomo wa chupa uvikwe puto, na mlinganishe maji baridi, ya vuguvugu na yaliyochemka. Kuvu nao wanaweza kutazamwa wakiwa ndani ya mfuko uliofungwa kabisa, nao utupwe bila kufunguliwa.

Kwa kuwa tumegusa usalama, niongeze jambo moja dogo linalosahauliwa. Wanafunzi wanapopuliza pumzi katika maji ya chokaa ili waone yakigeuka kuwa kama maziwa, toboa tundu dogo karibu na ncha ya juu ya mrija. Anayepuliza hataona tofauti kubwa, lakini anayevuta kwa bahati mbaya atavuta hewa badala ya chokaa.

SWALI: Nikiacha wanafunzi watabiri vibaya na wapate matokeo yasiyofanana, nitasahihishaje? Kila daftari litakuwa na jibu lake.

JIBU: Ndiyo, na hiyo ni nafuu yako, kwani daftari lililonakiliwa litajulikana mara moja. Utabiri usiupe alama kwa usahihi wake. Upe alama kwa kuwa na sababu. Matokeo yape alama kwa kuandikwa yote, yaliyopendeza na yasiyopendeza, pamoja na vipimo vyake. Sehemu kubwa ya alama iende kwenye sentensi ambazo mwanafunzi anaeleza nini katika matokeo yake kimemfanya aendelee na utabiri wake au auache.

Chukua mfano wa vipande vya kiazi vilivyopimwa uzito, vikalowekwa kwa saa moja katika maji matupu na katika maji yenye chumvi nyingi, kisha vikafutwa na kupimwa tena. Vya maji matupu vinatarajiwa kuongezeka na vya chumvi kupungua, kwa kuwa maji hupita katika utando wa seli kuelekea palipo na chumvi zaidi. Makundi yote yaandike namba zao katika jedwali moja ubaoni. Kundi moja litakuwa na kipande cha chumvi kilichoongezeka uzito. Usilifute. Waulize wenzao kabla hujasema lolote, na kwa kawaida kabla ya dakika 5 mtu atakumbuka kwamba kundi lile halikukifuta kipande chake maji kabla ya kukiweka kwenye mizani. Mwanafunzi wa kundi hilo atakayerudi kwenye daftari lake, akaiacha namba yake ilivyo na kuandika chini yake ni kwa nini haiamini, mpe alama zote.